Taa ya mwanga mkali kwa wiki za kubadilisha saa: maoni yangu baada ya kuitumia Leeds

Naanza na hukumu, ili asiye na muda asome hapa aendelee na shughuli zake. Taa hii, ya kujimulika usoni ili mwili uzoee saa za nchi zinaposogezwa na giza la majira ya baridi, inafaa. Ikiharibika leo, kesho naagiza nyingine. Ila inamfaa mtu anayejua saa ya kuiwasha na umbali wa kuiweka, na kijitabu kilichokuja nayo hakikueleza vizuri hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Yenyewe ni kibao cheupe cha plastiki chenye ukubwa wa karatasi ya A4, chembamba, nyuma kina mguu wa chuma wa kukisimamisha. Kina waya wa kama mita moja na nusu na adapta yake, ngazi tatu za mwanga, na kipima muda cha dakika 10 hadi 60. Swichi ni ya kugusa tu. Niliagiza mtandaoni kwa paundi 42. Chapa siitaji, kwa sababu taa za namna hii zinatolewa na viwanda vingi na nyingi zinafanana mpaka boksi. Nitakayoyasema yatakusaidia kuchagua yoyote kati ya hizo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Huku Leeds, kaskazini mwa Uingereza, nafanya kazi ya kea, yaani kutunza wazee, mara shifti za mchana, mara za usiku. Nyumbani nimekulia kwenye jua lisilobadili tabia: linachomoza saa kumi na mbili na kitu, linazama saa kumi na mbili na kitu, na tofauti ya urefu wa mchana kati ya Juni na Desemba haifiki hata saa moja. Ndiyo maana sisi tunahesabu saa kwa jua na hesabu inakubali. Leeds mwezi Juni mchana una saa 17. Desemba unabaki na saa saba na dakika ishirini na kidogo: jua linachomoza saa mbili na dakika ishirini asubuhi, na ikifika saa kumi kasoro robo limeshazama. Juu ya hapo, mara mbili kwa mwaka nchi nzima inasogeza mishale. Jumapili ya mwisho ya Machi, saa saba usiku inageuka saa nane. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa nane usiku inarudi kuwa saa saba.

Aliyeanza kulipigia debe jambo hili hapa Uingereza ni mjenzi wa nyumba aliyeitwa William Willett, aliyetoa kijitabu mwaka 1907 akilalamika kwamba watu wanalala wakati jua la kiangazi limeshawaka. Alifariki 1915, kabla wazo lake halijakubaliwa. Sheria ilipita 1916 katikati ya vita, wiki chache baada ya Ujerumani kufanya hivyo, kwa hoja ya kuokoa makaa ya mawe. Huko Petts Wood, kusini mashariki mwa London, kuna mnara wa kumbukumbu yake wenye saa ya jua iliyochongwa kufuata saa za kiangazi. Kati ya 1968 na 1971 walijaribu kubaki saa moja mbele mwaka mzima, asubuhi za baridi zikawa giza totoro, hasa Scotland, wakaacha.

Sasa kwa nini mtu anunue taa kwa sababu ya saa ya ukutani? Kwa sababu mwili hausomi saa ya ukutani. Ndani ya ubongo, nyuma ya macho, kuna kituo kidogo kinachopanga usingizi, joto la mwili, njaa na homoni, na kinachokiongoza zaidi ni nuru inayoingia machoni. Nuru ya asubuhi inakivuta mbele, uchovu uje mapema jioni. Nuru ya jioni na ya usiku inakirudisha nyuma, usingizi uchelewe. Tena kwa watu wengi saa hii ya ndani ina mzunguko unaozidi kidogo saa 24, kwa hiyo kuchelewa ni rahisi na kuwahi ni kazi. Ndiyo maana Machi inaumiza kuliko Oktoba. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2008 ulikuta mashambulizi ya moyo yanaongezeka kwa takriban asilimia 5 katika wiki ya kwanza baada ya saa kusogezwa mbele. Marekani, uchambuzi uliotoka 2020 ulikuta ajali za magari zenye vifo zinapanda kwa asilimia 6 wiki hiyo hiyo. Haya si mambo ya mtu kudekeza usingizi.

Oktoba ina ubaya wake mwingine. Unapewa saa moja ya kulala, halafu unanyang'anywa jioni. Jumamosi jua linazama saa kumi na moja na dakika arobaini, Jumapili linazama saa kumi na dakika arobaini. Denmark walipofuatilia rekodi za hospitali za miaka mingi waliona wagonjwa wapya wa sonona wanaongezeka kwa asilimia 11 hivi baada ya badiliko la Oktoba, na badiliko la Machi halikuonyesha ongezeko kama hilo. Mimi hilo sikuhitaji takwimu kulijua. Lakini kuliona limeandikwa kulinipa nguvu ya kuacha kujiita mvivu.

Basi taa. Kwanza umbali, maana hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza pesa. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa “10,000 laksi”. Laksi ni kipimo cha nuru inayofika mahali, haielezi nguvu ya taa yenyewe. Nikachukua programu ya bure ya simu ya kupima mwanga, si kipimo cha maabara lakini inatosha kulinganisha, nikaweka simu pale uso wangu unapokuwa. Kwa sentimita 15 namba ilikaribia ile ya boksi. Nikarudi nyuma hadi sentimita 30, ikashuka chini ya nusu. Kwa urefu wa mkono ilikuwa imebaki elfu moja na kitu. Kijitabu kinaonyesha picha ya mwanamke anasoma gazeti, taa iko upande wa pili wa meza! Kwa umbali ule anapata nuru isiyomsaidia lolote.

Matabibu wanaotumia tiba hii huhesabu hivi: laksi 10,000 kwa nusu saa, au 5,000 kwa saa moja, au 2,500 kwa saa mbili. Kwa hiyo unaponunua usiulize tu “ni laksi ngapi”, uliza “ni laksi ngapi kwa umbali gani”. Kibao kikubwa kinakupa nafasi ya kukaa mbali kidogo na bado ukapata dozi. Vile vidogo vya ukubwa wa simu, hata vikiwa na namba ileile kwenye boksi, vinakudai uvibandike puani. Changu cha A4 naona ndio udogo wa mwisho unaokubalika.

Huhitaji kuikodolea macho. Naiweka pembeni kidogo, upande wa kushoto wa sahani, juu ya vitabu viwili ili nuru itoke juu kidogo ya macho kama inavyotoka dirishani. Majira ya baridi nikishaswali alfajiri naiwasha, chai ya tangawizi iko mezani, napanga mkoba wa kazi na kujibu ujumbe wa usiku kutoka nyumbani. Kipima muda kikizima, nje bado giza. Siku za mwanzo kichwa kiliuma, nikapunguza hadi ngazi ya pili na dakika 15, kisha nikapanda taratibu. Mabadiliko hayakuja siku ya kwanza. Yalikuja ndani ya wiki ya pili: nilianza kusinzia saa nne usiku bila kujilazimisha, na ile hali ya kushinda nimekasirika bila sababu ikapungua. Sisemi iliisha.

Sasa saa ya kuiwasha. Kijitabu kinasema “wakati wowote wa siku unaokufaa”. Hilo ni kosa na linaweza kukuharibia usingizi. Kwa mtu wa shifti za mchana, Novemba hadi Februari ni asubuhi tu, mara baada ya kuamka. Ile wiki moja ya Oktoba baada ya saa kurudishwa ni tofauti: mwili unataka kulala mapema na kuamka mapema mno, kwa hiyo mimi naiwasha jioni, kama saa kumi na moja, kwa muda mfupi, halafu wiki ikiisha narudi asubuhi. Machi ndiyo kipindi cha kujipanga kabla. Kuanzia Jumatano napanda kitandani robo saa mapema kila usiku, naamka robo saa mapema, na nikiamka tu taa inawaka. Jumapili yenyewe, nikiwa sina kazi, natoka nje, mara nyingi bustani ya Roundhay Park, hata kama kuna manyunyu. Nilipima huko pia: siku ya mawingu mazito, simu ilisoma maelfu ya laksi, wakati sebuleni kwangu usiku na taa zote zimewaka haifiki mia mbili. Nje ni bure na kunaishinda taa. Taa ni kwa ajili ya zile asubuhi ambazo nje hakuna kitu.

Kwa wa shifti za usiku, wengi wetu tuko huko, hesabu inageuka. Ukitoka kazini saa mbili asubuhi ukaja kujimulika, umeuambia mwili kumekucha wakati unakwenda kulala. Mimi zamu za usiku naiwasha kabla ya kutoka nyumbani, jioni, na asubuhi nikirudi navaa miwani ya jua ndani ya basi mpaka mlangoni, kisha pazia zito. Na usiku wa kubadilisha saa wenyewe ni shifti ya aina yake. Machi unafanya saa 11 badala ya 12, na dawa za saa kumi na mbili asubuhi zinakukuta hujamaliza kugeuza wagonjwa. Oktoba unafanya 13, na saa saba na nusu inakuja mara mbili, kwa hiyo kwenye daftari la kumbukumbu lazima uandike ni saa saba na nusu ya kwanza au ya pili, maana mzee aliyepewa dawa ya maumivu asije akapewa tena kabla ya wakati. Hapo hapo, angalieni hati za mishahara. Wakala mmoja niliyewahi kufanyia kazi alinilipa saa 12 kwa usiku wa Oktoba niliofanya 13. Nilidai kwa maandishi nikalipwa mwezi uliofuata, lakini wenzangu kadhaa hawakuwa wameona kabisa.

Niliulizwa kama taa hii inafaa kuwawekea wazee. Nijibu kwa kirefu kidogo. Kuna bibi mmoja ninayemhudumia, ana ugonjwa wa kusahau. Wagonjwa kama yeye wengi huhangaika jioni ikiingia, mwaka mzima. Lakini wiki ile ya Oktoba giza linaingia wakati chai ya jioni haijapoa. Anainuka, anachukua mkoba wake, anavaa koti juu ya nguo ya kulalia, anataka kwenda kuchukua watoto shuleni. Watoto hao sasa wana wajukuu. Akifika dirishani anaona kivuli chake kwenye kioo, anadhani kuna mtu nje anamtazama, hapo ndipo hofu inapopanda kweli. Tulichojifunza pale kazini ni kuwasha taa zote za ukumbini saa tisa na nusu, kabla utusitusi haujaanza, na kufunga mapazia mapema ili kioo kisipate nafasi ya kumtisha. Chakula na dawa tunavisogeza robo saa kila siku mpaka vifike kwenye saa mpya, tukishakubaliana na muuguzi. Asubuhi kiti chake kinakaa dirisha la mashariki. Kibao cha mwanga hatukukiweka, na sikushauri mtu akiweke kwa mzee bila daktari na familia kukubali. Wengi wana mtoto wa jicho na mwanga mkali unawaumiza, na hawezi kukueleza vizuri kwamba anaumia.

Tahadhari hiyo si ya wazee tu. Mwenye ugonjwa wowote wa macho, au anayetumia dawa zinazoifanya ngozi au macho yasivumilie mwanga, azungumze kwanza na daktari. Mwenye bipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka mno, naye pia, kwa sababu mwanga mkali unaweza kumpandisha kupita kiasi. Na kama huzuni imefika pale ambapo huli, hutoki, hupokei simu za nyumbani, usingoje taa ifike kwa posta. Nenda kamwone daktari wako, mwambie wazi. Sisi tuna tabia ya kusema “ni baridi tu” mpaka mtu anazidiwa.

Jambo jingine ambalo nimelisikia mara nyingi na si kweli: kwamba taa hii inakupa vitamini D. Haikupi. Vitamini D hutengenezwa na ngozi kwa mionzi ya urujuanimno, na taa nzuri ya tiba imechujwa isiitoe mionzi hiyo, ndivyo inavyopaswa kuwa kwa usalama wa macho. Serikali ya Uingereza inashauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku wakati wa vuli na baridi, na sisi wenye asili ya Afrika mwaka mzima, kwa sababu ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza. Vidonge vinauzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya kawaida. Vinunue pamoja na taa, kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Kasoro za taa yenyewe. Mguu wa nyuma unalegea, meza ikitikisika inaanguka kifudifudi. Swichi ya kugusa haikumbuki ngazi uliyoiacha, kila siku inaanza kwenye mwanga hafifu na lazima uiguse mara tatu. Nikiwa nusu usingizini nimeshakaa mbele yake nusu saa kwenye ngazi ya kwanza. Adapta inapata joto, sio la kutisha, lakini siiachi kwenye soketi. Rangi ya mwanga ni nyeupe ya kubana macho, haipendezi sebuleni. Mume wangu anakula kifungua kinywa akiwa amenipa mgongo.

Rafiki yangu wa Mombasa anayeishi Birmingham ana ile ya aina nyingine, saa ya mezani inayoanza kung'aa kidogo kidogo nusu saa kabla ya kengele. Nimelala kwake nikaijaribu. Ni nzuri kwa kuamka bila kushtuka, na kwa mtoto wa shule wiki ya Machi ningeinunua hiyo kwanza. Ila nuru yake ni laksi mia mbili tatu, haiwezi kufanya kazi ya kibao.

Kuna kitu ambacho taa haikitibu, nacho kinaniuma kila Oktoba. Kiangazi Leeds na Tanga tunapishana saa mbili, saa zikirudishwa tunapishana tatu. Nikitoka shifti ya mchana saa mbili usiku, kwa mama ni saa tano, ameshalala. Tulikuwa tunaongea nikiwa kituo cha basi. Kuanzia wiki ile inabidi nimpigie wakati wa mapumziko ya mchana, nimesimama karibu na mlango wa jikoni, na ananiuliza mbona nina haraka.

Mwaka 2024 chama cha wataalamu wa usingizi wa Uingereza kilishauri mabadiliko haya yaachwe na nchi ibaki na saa za kawaida za majira ya baridi mwaka mzima. Naunga mkono kwa moyo wote. Bunge la Ulaya nalo lilipiga kura 2019 kuyaacha, na mpaka leo nchi wanachama hazijaafikiana. Kwa hiyo taa bado utaihitaji.

Ukinunua, nunua Agosti au Septemba, kabla watu wote hawajakumbuka giza. Agiza mtandaoni badala ya dukani: ukinunua kwa njia hiyo kutoka kwa mfanyabiashara wa Uingereza una siku 14 tangu mzigo ukufikie za kubadili mawazo, hata kama haina kasoro. Siku hiyohiyo ikifika, iweke kwenye meza utakayoitumia kweli, kaa unavyokaa ukila, shika simu mbele ya uso upime. Ikiwa huipati hata 2,500 bila kuinama, ifunge kwenye boksi lake na uirudishe.